Kamba ya Mafundo Mawili Kutoka Chilangala

Ukungu wa Newala bado umekaa juu ya mabati ya soko, na Anjelina Stefano tayari ameshakasirika. Mkononi ameshika ukanda mweusi wenye fundo moja. Anauvuta, unarefuka. Anauachia, unarudi.

"Hiki ni nini, baba?" anamuuliza mwanamume aliyesimama mbele ya meza yake.

"Kipimo, mama."

"Huu ni mpira wa baiskeli. Nikiuvuta hivi napata kifua cha ng'ombe. Nikiuachia napata cha kuku. Huyo mtu wako yupo wapi hapo katikati?"

"Ni mkubwa kiasi."

"Kiasi gani?"

Yule bwana anainua mikono yote miwili ili aonyeshe, anakumbuka kwamba yuko sokoni, anaishusha na kuifuta kwenye suruali. Anjelina anavuta pumzi ndefu. Anamweleza kwamba nyuma ya meza kuna pazia, kwamba hamtaji mtu wala hamcheki mtu. Huyo mtu aje mwenyewe, apimwe, aondoke.

"Hawezi kuja."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi ana mimba."

Yule bwana anaukunja mpira wake, anautia mfukoni, anaaga kwa adabu na kusema atarudi. Hatarudi. Meza chache mbele ananunua sidiria nyekundu ya lesi, yenye waya chini, kwa muuzaji asiye na maswali. Anjelina anamtazama mpaka anapotelea kwenye mabanda ya dagaa.

"Ule waya utamla dada wa watu mbavu," anasema. "Halafu ataambiwa avumilie, mimba ndivyo ilivyo. Mimi nachoka jamani. Nachoka!"

Anjelina, mwenye umri wa miaka 47, anajulikana zaidi kwa jina la Mama Dina. Anaishi Masasi, na siku za gulio hupanda na mabegi yake mpaka Newala na vijiji vya jirani. Anauza sidiria za mtumba, hasa za wajawazito na wanaonyonyesha, na zile zisizokaa vizuri huzifumua na kuzishona upya papo hapo sokoni kwa cherehani yake ya mkono.

Sidiria moja huiuza kati ya shilingi elfu tatu na elfu saba, kutegemea hali yake. Siku nzuri analipia hata belo jingine. Siku mbaya anarudi Masasi na nauli tu na koo lililokauka kwa kubishana.

Kubishana ndiyo kazi yenyewe. Wateja wake wengi si wale watakaovaa. Kuna waume, kuna mawifi, kuna mama wakwe wanaoleta sidiria ya zamani ya msichana ambaye sasa ana mimba ya miezi sita na kusema "kama hii hii". Mwaka juzi alikuja mwanamume wa Mnyambe akiwa na bibo, tunda la mkorosho, mkononi.

"Akaniambia, 'Mama, ni kama hili, ila liwe limeiva zaidi,'" anakumbuka Anjelina. "Nikamwuliza, moja au yote mawili? Akasema bibo jingine amelila njiani."

Wengi zaidi huleta kamba. Huleta utepe wa nguo, ugwe wa mkeka, hata mzizi mwembamba. Mwenye kifua hujipima mwenyewe nyumbani, juu ya blauzi na kanga, hufunga fundo pale ncha zinapokutana, na kumpa mtu anayekwenda sokoni. Na kila anayetumwa, akiulizwa ni ya nani, hutoa jibu moja tu: ya mtu.

"Kamba haina jina, ndiyo sababu wanaipenda," anasema Anjelina. "Lakini kamba haina mabega pia. Haina mgongo. Haiwezi kuniambia, hapa panabana."

Careen, muuguzi mwenyeji wa Bukoba anayehudumia kliniki ya wajawazito katika zahanati moja ya Newala, anasema matokeo ya kamba anayaona kila wiki.

"Mama akivua blauzi naona alama mabegani na chini ya matiti. Nikiuliza, ananiambia ni kawaida ya mimba. Hiyo si mimba, ni sidiria ndogo," anasema. "Asiyetaka kuvaa asivae, si dhambi. Ila mwenye kifua kizito, anayeinama kuokota korosho kutwa, mgongo unamtesa. Na anayebanwa mpaka siku ya kunyonyesha anaweza kupata shida ya maziwa kuganda."

Anjelina hahitaji kuelezwa. Alipobeba mimba ya Dina, mtoto wake wa pekee, alivaa sidiria ya dada yake kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Waya ukatoboa kitambaa na kuanza kumchoma ubavuni. Akauzungushia pamba, akaendelea kulima.

"Sikusema kwa mtu. Ningemwambia nani? Alama ninayo mpaka leo," anasema, akijigusa ubavuni, chini ya titi la kushoto.

Miaka mingi baadaye, akiwa fundi cherehani Masasi, alisaidiana na wenzake kufungua belo la mtumba. Ndani yake kulikuwa na sidiria ambazo vikombe vyake hufunguka kwa mbele. Wenzake wakasema zimeharibika, wakazitupa kwenye rundo la matambara ya kufutia pikipiki. Yeye aliigeuza moja mara mbili, tatu, ndipo akaelewa kwamba kuna mtu mahali fulani aliwahi kumfikiria mama anayenyonyesha. Alizinunua zote kwa bei ya matambara.

Tangu hapo hana biashara nyingine. Ana futi yake ya fundi, utepe wa kupimia, shingoni, na kanuni zake anazirudia kwa sauti ya mwalimu aliyechoshwa na darasa. Unapimwa chini ya matiti, halafu unapimwa kwenye matiti yenyewe. Mkanda ukae sawa mgongoni, usipande juu. Vidole viwili viingie chini yake bila kugombana. Mimba ikiwa bado inakua, vishikizo vifungwe safu ya kubana zaidi, ili mwili ukiongezeka pawe na nafasi ya kulegeza.

"Ni dakika chache tu," anasema. "Mtu anakaa foleni ya mnada wa korosho tangu asubuhi. Dakika chache za kifua chake hana."

Kamba iliyombadilisha Anjelina ilifika msimu uliopita wa korosho, ndani ya soksi ya dereva wa bodaboda.

Mujibu, baba wa watoto watano, hufanya safari kati ya Chilangala na Newala. Kwa Anjelina ni mteja mkubwa na kero kubwa, maana hubeba kamba za wanawake wa kijiji kizima. Nyingine hukaa mfuko wa shati, nyingine ndani ya kofia ngumu, nyingine kwenye soksi. Wakati mmoja alizichanganya, na bibi mmoja mwenye wajukuu akaletewa sidiria ya kunyonyeshea.

"Mimi ni mtu wa kubeba," anajitetea Mujibu. "Nikipewa dawa nabeba, nikipewa kuku nabeba, nikipewa kamba nabeba. Siulizi ya nani. Nikianza kuuliza nitakosa abiria."

Siku hiyo alitoa kamba mbili mezani. Ya tatu ilichungulia kwenye soksi, naye akairudisha ndani kwa kidole. Anjelina akamwuliza mbona ile haitoi.

"Hii hapana, mama. Hii nimeambiwa ninunue kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Popote. Mwenyewe kasema, popote ila si kwa yule mama wa Masasi."

Anjelina anakiri kwamba kilichomuuma kwanza ni biashara. Alidhani amemuudhi mteja. Akamwambia Mujibu aitoe, na Mujibu, ambaye hajawahi kushinda ubishi na mama huyo, akaitoa.

Ilikuwa pindo la kanga, limechanwa kwa urefu. Pindo lilishonwa kwa uzi wa rangi ya chungwa, kwenye kanga ya kijani. Anjelina aliufahamu uzi ule. Alikuwa amepinda kanga ile kwa mkono wake, siku za kumwandaa Dina kuolewa na kuhamia Chilangala. Uzi wa kijani ulimwishia, na kwa kuwa maduka yalikuwa yamefungwa akamalizia na wa chungwa. Dina alimcheka.

Halafu akaona mafundo. Kamba zote za Chilangala zina fundo moja. Hii ilikuwa na mawili, la chini ya matiti na la kwenye matiti. Kijijini kule hakuna aliyejua kupima mara mbili, isipokuwa mtu aliyekulia chini ya meza ya Anjelina. Fundo la kwanza lilikuwa karibu pale pale kwenye kipimo cha mwanawe alichokijua tangu zamani. La pili lilikuwa limehama mbali.

"Nikakaa chini," anasema. "Nikafurahi. Halafu nikakasirika. Halafu nikafurahi tena nikiwa bado nimekasirika. Mimi huyu, ninayempimia kila mtu, mwanangu ananiletea mjukuu kwenye soksi ya bodaboda!"

Lakini Dina hakuwa amekosa adabu. Alikuwa anaishika. Kwao, mimba ya kwanza binti haitaji kwa mama yake kwa kinywa chake mwenyewe. Habari hubebwa na somo, yule mwanamke mkubwa aliyemfunda. Somo asipofika, binti hajasema, na mama haoni hata kama anaona.

Somo wa Dina ni Bibi Isabela wa Mnyambe, na Bibi Isabela hakuwa na haraka. Kwanza alisema ataondoka korosho zikishaokotwa. Zilipookotwa akasema anasubiri mnada. Mnada ulipopita akasema malipo hayajaingia, na yalipoingia goti likaanza kumsumbua.

"Habari kama ile haipelekwi mikono mitupu," anasema Bibi Isabela bila wasiwasi wowote. "Nilikuwa natafuta kuku anayefanana na habari yenyewe."

Aliyechoka kuliko wote alikuwa Edson, mume wa Dina, mwalimu wa shule ya msingi aliyezaliwa Njombe. "Kwetu ningempigia simu mama mkwe, nikamwambia, mama, mwanao ni mjamzito, basi, tunaendelea na maisha," anasema. "Huku nikaambiwa ninyamaze. Nimenyamaza mpaka nikawa namkwepa mama wa watu sokoni kama nimemwibia."

Wakati wote huo kifua cha Dina hakikuwa kinamsubiri Bibi Isabela. Anjelina alijua hivyo. Alijua pia kwamba akimrudisha Mujibu mikono mitupu, ataishia kwenye meza ya sidiria za waya. Na akimpa sidiria kwa kipimo cha kamba tu, atakuwa amefanya kwa mwanawe jambo analowagombeza watu wote kwa kulifanya.

Alimrudishia Mujibu kamba yake kama kitu asichokijua. "Mwambie mwenyewe saizi hiyo sina leo," akasema. "Mwambie Jumamosi nitakuwa gulio la Chilangala na pazia langu. Asinunue popote kabla ya hapo. Popote, umesikia?"

Jumamosi hiyo alishuka Chilangala na miti minne na mashuka, akasimamisha chumba pembeni ya wauza muhogo. Wanawake walikuja kidogo kidogo. Dina, mwenye miaka 24, alikuja karibu na mwisho, akiwa amevaa sweta la mumewe kwenye jua kali, na kanga juu yake.

Waliokuwa kwenye foleni walijua kwamba yule ni mama na yule ni mwana. Wote, kwa pamoja, wakaanza kuzungumzia mvua.

"Shikamoo," alisema Dina alipoingia.

"Marahaba, mwanangu. Ni yako au ya mtu?"

"Ya mtu."

Maneno hayo humpandisha Anjelina hasira kila yanaposemwa. Anasema safari hii aliyapokea bila ugomvi.

"Huyo mtu ana mwili kama wako?"

"Kama wangu hasa."

"Basi vua sweta, umjaribie."

Dina akavua. Ndani alikuwa amevaa sidiria nyekundu ya lesi, yenye waya kama ile ya yule bwana wa Newala, aliyonunuliwa na shoga yake kabla kamba haijatumwa. Ilipotoka, chini ya titi la kushoto palikuwa na mstari uliokwisha kuwa kidonda.

"Pale nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa mkono huo huo," anasema Anjelina. "Ni mahali pale pale penye alama yangu mimi. Miaka yote hii nauza sidiria, na mwanangu anachomwa palepale!"

Hakumpiga wala hakumkumbatia. Muuzaji hakumbatii mteja. Alimpima chini ya matiti, akampima na kwenye matiti, polepole, akihakikisha futi imelala sawa mgongoni.

"Mwambie huyo mtu kamba yake ilikuwa fupi," akasema. "Aliyejipima peke yake haoni kinachotokea mgongoni."

"Nitamwambia."

"Mwambie kidonda akisafishe, na aende akakionyeshe zahanati. Waya asivae tena. Mwambie mama yake hata siku moja hatam..." Akajikatiza. "Mwambie tu waya asivae."

"Nitamwambia," alisema Dina, machozi yakimtoka. "Huyo mtu anashukuru sana."

Anjelina alimvalisha sidiria laini ya rangi ya maziwa, mkanda mpana, akaifunga safu ya kubana na kupitisha vidole viwili. Akamwambia ainue mikono, ainame, aokote korosho za hewani. Mkanda haukupanda. Akamfungia na kipande cha kuongezea vishikizo, alichokikata kwenye sidiria iliyokufa, kwa ajili ya huyo mtu atakapozidi kunenepa.

Dina alilipa bei kamili. "Iliniuma kuipokea, lakini ningemwachia foleni nzima ingejua," anasema mama yake. Mpaka leo foleni nzima inaapa kwamba haikujua lolote.

Gazeti hili lilipata simulizi hii mapema na likaombwa lisiichapishe mpaka kuku wa Bibi Isabela afike Masasi. Amefika. Aliletwa mwezi Januari, jogoo mweupe, na Bibi Isabela akakaa kwenye mkeka na kueleza kwa mzunguko mrefu kwamba kuna mgeni njiani.

Anjelina alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Alishika kichwa. Aliuliza mara tatu kama kweli ni Dina anayezungumziwa, Dina huyu huyu.

"Alishangaa vizuri," anakubali Bibi Isabela. "Alishangaa kupita kiasi, lakini vizuri."

Baada ya vigelegele Anjelina alimwambia yote ya moyoni kuhusu korosho, malipo na goti. Bibi Isabela alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza chai iko wapi. Hapo ndipo Anjelina alipopata mpango anaousimamia sasa: kama habari ya mimba lazima ipitie kwa somo, basi na futi ipitie kwa somo. Mwanamke ambaye hawezi kwenda sokoni kupimwa anaweza kupimwa nyumbani kwake, na mtu ambaye tayari amezoea kumkabidhi siri zake.

Anataka kila kijiji anachouza kiwe na somo mmoja mwenye futi, anayejua kupima mara mbili, na atakayewaleta penye pazia wale watakaokubali. Amekwisha kugawa futi kadhaa Chilangala na Mnyambe, na amekwisha kukasirika.

"Futi ya kwanza Bibi Isabela aliifungia mzigo wa muhogo," anasema. "Nikampa ya pili. Nikamwambia, bibi, hii ukiifungia hata bamia nitajua."

Bibi Isabela anasema hilo ni kweli, na anaongeza kwamba mzigo ulifika salama.

Newala sasa ukungu umeondoka na soko limechangamka. Mwanamke kijana anakuja mezani, anashika sidiria moja, anaiachia. Anjelina anamwuliza ni ya nani. Ya mtu, anajibu yule dada, akitazama viatu vyake. Zamani hapo ugomvi ungeanza. Anjelina anafungua pazia na kusema, "Ingia, umjaribie." Yule dada anaingia.

Akiulizwa anatumaini nini, hasemi kibanda kikubwa wala belo zaidi, ingawa vyote anavitaka. Anasema anataka kabla hajazeeka asikie mwanamke mmoja tu wa huku akisema sokoni, bila kunong'ona, kwamba sidiria ni yake.

Anampata kabla ya saa sita. Dina anakuja akipita katikati ya wauza nyanya, tumbo liko mbele wazi, ameshika kiuno kwa mkono mmoja. Ile ya rangi ya maziwa imeanza kumbana, hata na kipande cha kuongezea. Anaamkia. Mama yake anaitikia, na kwa mazoea ya kazi anauliza bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani:

"Ni yako au ya mtu?"

"Yangu, mama," anasema Dina, na muuza nyanya anageuka kutazama.

Anjelina anasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Anavua futi shingoni. Anamshika mwanawe mkono na kumwingiza nyuma ya pazia, na walio nje wanamsikia akianza kulalamika, kwa sauti iliyojaa machozi, kuhusu kanga nzuri ya kijani na mtu aliyeichana pindo.